Namna ya Kumtambua Tapeli Anayejifanya Fundi wa Kampuni ya Simu

Simu ya namna hii huanza kwa heshima. Mpigaji anakutaja kwa majina yako matatu, anajitambulisha kuwa ofisa wa huduma kwa wateja au fundi wa mitambo wa kampuni yako ya simu, kisha anakueleza kwamba laini yako ina tatizo: usajili wake haukukamilika, akaunti yako ya pesa imeonekana kuwa na muamala wenye utata, au mfumo unaboreshwa na laini ambazo hazijahakikiwa zitafungwa kabla ya saa kumi jioni. Nchini Tanzania, ambako laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa kweli mwezi Januari 2020, tishio hilo linaaminika kwa urahisi, kwa kuwa wengi wanazikumbuka foleni za wakati ule na hawana hamu ya kuzirudia.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kumchunguza mpigaji: sikiliza lafudhi yake, tazama namba yake, muulize jina. Kwa maoni yangu, ushauri huo unamwacha mtu njiani. Jina lako si siri, kwa sababu mtu yeyote akiandika namba yako katika menyu ya kutuma pesa, mfumo humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Programu ya Truecaller nayo huonyesha majina ambayo kwa sehemu kubwa yanatoka kwa watumiaji wenyewe, kwa hiyo tapeli anaweza kuonekana kwenye kioo cha simu yako kama “Huduma kwa Wateja”. Safaricom ya Kenya imekuwa ikiwatangazia wateja wake kwamba huwapigia kutoka namba moja tu, 0722 000 000, na kuijua namba hiyo kunasaidia. Hata hivyo, kipimo kisichoyumba ni kutazama kile unachoombwa kufanya.

Ofisa wa kweli ana kompyuta mbele yake. Anaona hali ya laini yako, anaweza kuifunga na kuifungua, na hahitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote. Tapeli hana mfumo huo. Kila anachotaka kukipata ni lazima kipitie mikononi mwako, na hapo ndipo anapojifichua.

Ombi la wazi zaidi ni namba ya siri, na wengi sasa wanajua kulikataa. Matapeli nao wanalijua hilo, ndiyo maana wengine hawaiombi kabisa. Wanasema, “Sisi hatuulizi namba ya siri, usimtajie mtu yeyote,” na kwa maneno hayo wanajipatia imani yako, kisha wanakuelekeza hatua kwa hatua ndani ya menyu yenyewe, iwe ni *150*00# ya M-Pesa ya Tanzania au *150*60# ya Airtel Money. Unaambiwa ubonyeze chaguo fulani, uandike “namba ya fundi”, uandike 85000 kama “msimbo wa uhakiki”, halafu uingize namba yako ya siri kimyakimya ili kukamilisha. Ukweli ni kwamba namba ya fundi ni namba ya mpokeaji, msimbo wa uhakiki ni kiasi cha fedha, na wewe mwenyewe ndiye uliyetuma. Kwa hiyo usiingie katika menyu ya pesa huku mtu asiyejulikana akikuongoza kwa sauti, na kila mara kabla ya kuweka namba ya siri, usome ukurasa wa mwisho, kwa maana ndio unaotaja kiasi na jina la anayepokea.

Ombi la pili ni kupiga misimbo ya nyota (*) na reli (#) ambayo huifahamu. Misimbo hiyo ni ya kawaida katika mitandao ya simu, lakini ina nguvu. Ukipiga *21* ikifuatiwa na namba ya mtu na alama ya reli, simu zote zinazokujia zinahamishiwa kwake, zikiwemo zile ambazo mtandao wa kijamii au benki hukupigia ili kukusomea msimbo wa kuthibitisha. *33*0000# huzuia simu zinazotoka, endapo namba ya kizuizi ya laini yako bado ni ile ya awali, 0000. Mtu aliyefanyiwa hivyo anajikuta hawezi kumpigia ndugu wala kampuni katika dakika ambazo anahitaji msaada zaidi. Ukitaka kujua kama simu zako zimehamishwa, piga *#21#. Ukitaka kufuta uhamishaji wote, piga ##002#. Kizuizi cha simu zinazotoka huondolewa kwa #33*0000#.

Ombi la tatu ni tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi. Tapeli atasema ni namba ya kumbukumbu ya tatizo lako. Kwa kawaida ni msimbo wa WhatsApp, na ukimsomea atafungua akaunti yako kwenye simu yake na kuanza kuwakopa jamaa zako kwa jina lako. Soma ujumbe wote, usisome tarakimu pekee, kwa kuwa onyo la kutompa mtu mwingine huwa limeandikwa humohumo. Kinga nzuri ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya WhatsApp, ambao huongeza namba nyingine ya siri unayoichagua wewe.

Ombi la nne huwafika wenye simu janja na kompyuta: kupakua programu ya kutazama kioo kutoka mbali, kama AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi ni halali na maofisi mengi huzitumia, jambo linalozifanya zisizue shaka zinapopakuliwa. Ukishamsomea mpigaji namba inayotokea, anaona kioo chako chote, pamoja na ujumbe wa benki unaoingia. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wanaifahamu sura nyingine ya utapeli huu, ambamo mpigaji hudai anatoka Microsoft, humwongoza mtu kufungua kumbukumbu za matukio za Windows na kumwonyesha alama nyekundu na njano kama ushahidi wa virusi, ingawa alama hizo hupatikana hata katika kompyuta isiyo na tatizo lolote. Wakati mwingine kivinjari hujaa onyo lenye kelele na namba ya kupiga. Microsoft imeeleza wazi kwamba maonyo yake hayaweki namba ya simu na kwamba haiwapigii watu ambao hawakuomba msaada. Funga kivinjari, na kikigoma, zima kompyuta.

Ugumu mkubwa uko katika kukata simu. Tumelelewa kuona kwamba kumkatia mtu anayezungumza kwa adabu ni ufidhuli, na tapeli huitumia adabu hiyo: atakwambia usikate, usimshirikishe mtu, muda unakwisha. Sema tu, “Asante, nitapiga mwenyewe huduma kwa wateja,” kisha ukate bila kungoja jibu. Piga 100, ambayo ni namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya Tanzania na pia ya Safaricom kwa laini za malipo ya kabla. Usipige namba aliyokupa yeye. Kama kuna wazee nyumbani, wafundishe sentensi hiyo moja, kwa sababu kukumbuka sentensi ni rahisi kuliko kukumbuka orodha ya mbinu.

Endapo fedha zimekwisha kuondoka, dakika ni muhimu. Zima intaneti ya simu au kompyuta iliyoguswa, iondoe programu uliyopakua, na upige huduma kwa wateja kupitia simu nyingine ukiomba muamala uzuiwe na akaunti ifungwe kwa muda. Ukiwa Kenya, unaweza pia kupeleka ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwenda 456 kuomba urejeshwe. Badilisha namba za siri, ukianzia ya benki na ya barua pepe. Akaunti ya WhatsApp iliyochukuliwa hurudi kwa kujisajili upya kwa namba yako, jambo linalomtoa aliyeingia. Kama ameweka namba ya hatua mbili, huenda ukalazimika kusubiri siku 7. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040 Tanzania na 333 kwa wateja wa Safaricom. Nenda pia kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha, au namba ya OB ukiwa Kenya, kwa kuwa benki na kampuni ya simu zinaweza kuidai kabla ya kushughulikia malalamiko yako.

Baada ya siku chache huenda ukapigiwa tena, safari hii na “kitengo cha kurejesha fedha zilizoibwa”, kinachoomba ada ndogo ya kufungua faili. Mara nyingi ni kundi lilelile, au jingine lililouziwa namba yako. Kata simu hiyo pia, na uipeleke namba yao pale ulikoripoti ya kwanza.