Kuitambua GFP kwa kingamwili: westan bloti hatua kwa hatua

Seli ziking'aa kijani chini ya darubini, subiri kwanza. Mng'aro unathibitisha kwamba GFP, protini inayong'aa kijani, imo, basi. Haukwambii kama bado imeshikana na protini uliyoiunganisha nayo. GFP ni sugu: vimeng'enya vya seli vikiikatakata protini yako, yenyewe hubaki ikielea na kung'aa vilevile. Wanafunzi wanaojifunza kwangu hapa Malindi siwaruhusu kutafsiri picha hata moja kabla ya bloti, yaani kuzitenganisha protini kwa uzito, kisha kuitafuta GFP kwa kingamwili (protini inayoishika) hadi ionekane kama mstari.

Anza na hesabu. GFP ina uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 27 hivi. Protini yako ikiwa 50, tarajia mstari karibu na 77. Iandike namba hiyo daftarini mapema, macho yasije yakaona yanachotaka.

1. Sampuli. Andaa tatu: seli zenye protini iliyounganishwa, seli zenye GFP tupu, na seli zisizotiwa kitu. Hii ya mwisho wengi huiruka, nayo ndiyo inayofichua kingamwili inayoshika visivyohusika. Pasua seli kwenye baridi, katika bafa (mmumunyo unaozuia asidi isibadilike) yenye dawa ya kuzuia vimeng'enya. Joto la kaskazi halisamehe sampuli iliyoachwa mezani. Kama barafu uliyo nayo ni ile ya mabonge ya wauza samaki, iponde iwe laini kisha utie maji kidogo. Mirija itazama na kuguswa na baridi pande zote. Katikati ya mabonge makavu hubaki hewa, na hewa haipoozi kitu haraka.

2. Kuchemsha. Bafa ya SDS (sabuni inayozikunjua protini), nyuzi 95, dakika 5. Rangi ya kijani itapotea, na ni sawa. Ila soma maelezo ya kingamwili: inayotambua GFP iliyojikunja tu haitakufaa hapa.

3. Jeli na utando. Kama kawaida: jeli huzitenganisha protini kwa uzito, kisha zinahamishiwa kwenye utando. Utando wa PVDF (aina ya plastiki) ulowanishe kwa metanoli kwanza.

4. Kingamwili. Funika utando, kingamwili isinate ovyo, kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, katika TBS (bafa ya chumvi) yenye Tween-20 (sabuni laini) asilimia 0.1, kwa saa moja. Tia kingamwili ya kwanza, tuseme ya sungura, ikizimuliwa 1:1000 au kama maelezo yasemavyo, ilale usiku kucha kwenye nyuzi 4. Osha mara tatu, kisha tia ya pili, ya kushika za sungura, yenye HRP (kimeng'enya kinachofanya mstari uonekane). Bafa ya hatua hii isiwe na sodiamu azaidi (dawa ya kuzuia vijidudu), maana huiua HRP.

YFP na CFP, za njano na samawati, zitashikwa pia, kwa kuwa ni GFP ileile iliyobadilishwa kidogo. mCherry, protini inayong'aa nyekundu, haishikwi. GFP mwanakemia Osamu Shimomura aliipata kwa yavuyavu, Aequorea victoria, mwaka 1962. mCherry asili yake ni Discosoma, jamaa wa matumbawe. Hiyo itafutie kingamwili yake.

5. Kusoma. Sampuli ya GFP tupu isipoonyesha 27, kosa liko kwenye kuhamisha au kwenye kingamwili; usiseme lolote kuhusu protini yako. Mstari wa 77 peke yake ndio tunaoutaka. Ukiona 77 na 27 pamoja, sehemu imekatika. Ukiona 27 tu, ulichopiga picha ni GFP huru. Pasua seli upya kwa dawa mpya ya vimeng'enya, na hali ikiwa ileile, ihamishie GFP ncha ya pili ya protini.