Azoti ya shamba lako inatokea mlango gani?

Ingia asubuhi katika zizi la ng'ombe huko Kabare, kabla halijafagiliwa. Ile harufu inayochoma pua ni azoti, chakula cha mimea, inayoondoka (vitabu vya Tanzania huiita naitrojeni). Ule mkojo unaotiririka hadi barabarani ni azoti pia. Halafu Jumamosi mwenye ng'ombe anateremka Bukavu, soko la Kadutu, kutafuta urea, mbolea ya dukani yenye azoti hiyohiyo!

Hewa tunayovuta ni azoti kwa asilimia 78, ila mimea mingi haiwezi kuila ikiwa hewani. Radi inageuza kidogo iweze kuliwa. Kazi kubwa ni ya bakteria, hasa wale wanaokaa kwenye mizizi ya maharagi, soya na karanga. Maharagi yakianza kutoa maua, chimbua shina moja taratibu pamoja na udongo wake. Utaona vifundo vidogo kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe, bado au kimelala. Maharagi, tuseme ukweli, ni mavivu mbele ya soya, na udongo mchachu kama ule wa Walungu unayalegeza zaidi. Samadi na chokaa husaidia.

Wengi wetu tunang'oa maharagi, tunayapura uani, kisha maganda tunayachoma. Majivu yana faida yake, lakini azoti imekwenda na moshi. Mimi ningeyatandika chini ya ng'ombe yanywe mkojo, ndipo yaende kwenye shimo la mbolea lenye kivuli, lililofunikwa majani ya migomba.

Ukinunua urea, mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za azoti. Ukiimwaga juu ya udongo bila kufukia, sehemu inaruka hewani. Ukiimaliza yote siku ya kupanda mwezi wa Septemba, mahindi bado hayana mizizi ya kuila. Mvua inaishusha chini, nyingine inaishia Ziwa Kivu. Bondeni maji yakituama, bakteria waliokosa hewa wanairudisha angani. Basi weka kidogo wakati wa kupanda. Inayobaki ingoje mahindi yafike magotini: kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina, upana wa kiganja kutoka shinani, ufukie palepale, udongo ukiwa na unyevu.

Na ukiona majani ya chini ya mahindi yanageuka njano kuanzia nchani, njano ikifuata mshipa wa katikati, ni njaa ya azoti: weka urea iliyobaki, usingoje palizi ya pili.