Chumvi yetu na chumvi ya Waingereza: nahau za kupiga chuku

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu alitafsiri "Take his story with a pinch of salt" hivi: "Itie chumvi kidogo hadithi yake." Kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi, na linatoka kwa watoto makini wanaokijua Kiswahili chao. Ndiyo sababu ya somo hili.

Hatua ya 1. Jiulize: sentensi yenyewe inapiga chuku, au inamlaumu mtu kwa kupiga chuku? "I could eat a horse" ni chuku tupu. Hakuna farasi wa kuliwa, kama ambavyo hafi mtu tunaposema "njaa inaniua". Lakini "You're making a mountain out of a molehill" ni lawama: umelikuza jambo.

Hapo kwenye "molehill" wengi huandika "kichuguu". Mimi sikubali. Kichuguu chetu kinaweza kumpita mtu mzima kimo, wakati "molehill" ni kifusi cha udongo anachosukuma fuko juu ya nyasi, unakiruka bila kukunja goti. Nguvu ya nahau iko kwenye udogo huo.

Hatua ya 2. Tazama chumvi iko mkononi mwa nani. Kwetu anaitia msemaji. Kwao anaishika msikilizaji, ili asimeze kila anachoambiwa. Kwa hiyo maana ya "Take his story with a pinch of salt" ni: usimwamini mia kwa mia. Wamarekani husema "grain of salt".

Hatua ya 3. Ukitaka kusema mtu katia chumvi, tumia "He blew it out of proportion". Akizidisha sifa au visingizio, "He laid it on thick".

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye mtihani naweza kuandika "He added salt to the story"?
Jibu: Marahaba. Usiandike, Mwingereza hatakuelewa. "He exaggerated" inatosha.

Swali: "A storm in a teacup" ni sawa na ile ya mlima?
Jibu: Ni jirani yake. Ya mlima inamnyooshea kidole anayekuza jambo. Hii inataja ghasia yenyewe, watu wengi wakigombana juu ya kitu kidogo. Marekani utasikia "a tempest in a teapot".

Swali: Na "over the top"?
Jibu: Kupita kiasi. Hiyo haibaki kwenye maneno tu, hata gauni la harusi huambiwa hivyo.