Jinsi ya kupata makala za Wikipedia zilizosomwa zaidi kwa wiki

Fungua pageviews.wmcloud.org/topviews, andika sw.wikipedia.org kwenye sehemu ya mradi, kisha chagua siku. Orodha haitoki kwa wiki. Pakua faili za CSV (jedwali la maandishi linalofunguka kwenye Excel) za siku saba, Jumapili hadi Jumamosi, uziunganishe kwenye Excel na kujumlisha kwa jina la makala.

Siku huhesabiwa kwa saa za UTC (saa ya kimataifa), hivyo kwa Nairobi na Dar es Salaam huanza saa tisa usiku. Mechi ya Jumamosi usiku inaweza kugawanya wasomaji wake kati ya wiki mbili.

Ondoa Mwanzo (ukurasa mkuu) na kurasa za Maalum (za mfumo, si makala). Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe: kuchuja roboti, yaani programu zinazofungua kurasa badala ya watu. Mfumo huzitenga nyingi, lakini si zote. Angalia asilimia ya waliosoma kwa simu. Wasomaji halisi huchanganyika, simu na kompyuta. Makala yenye chini ya asilimia 5 au zaidi ya 95 ya simu itilie shaka, hasa kama hakuna habari yoyote iliyoivumisha. Ipeleke kwenye Pageviews, zana ya tovuti hiyohiyo ya kuangalia makala moja moja, uone grafu: kifo cha mtu mashuhuri hupandisha mstari ghafla, kisha hushuka siku baada ya siku, roboti mara nyingi huacha mstari bapa, au mnara wa siku moja tu.

Makala iliyobadilishwa jina katikati ya wiki huonekana mara mbili. Jumlisha majina yote mawili. Takwimu hizi zinaanzia Julai 2015.