Kuongeza siku za viza ya utalii China, kwa msafiri wa Tanga

Kwenye stika ya viza ya utalii ya China, ile yenye herufi L, kuna vitu viwili ambavyo wasafiri huvichanganya. Kimoja ni tarehe ya mwisho ya kuingia nchini. Kingine ni idadi ya siku za kukaa kila unapoingia, na hicho ndicho cha kuangalia. Siku zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kuingia. Aliyegongewa mhuri tarehe 3 Machi akiwa na siku 30, mwisho wake ni 2 Aprili, hata kama stika imeandikwa Juni.

Sheria inataka ombi lifike siku 7 kabla ya muda kwisha. Kwa mfano huo, mwisho wa kuomba ni 26 Machi. Usingoje hiyo 26. Nenda mapema, ili karatasi ikipungua upate muda wa kuirudia. Angalia pia kalenda: kuanzia Oktoba Mosi, na wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, ofisi hufungwa siku kadhaa mfululizo.

Ombi halipelekwi ubalozini. Linapelekwa ofisi ya polisi inayoshughulikia wageni wanaoingia na kutoka, katika mji unaokaa. Kituo cha polisi cha mtaani kina kazi nyingine, nayo ndiyo inayoangusha maombi mengi: usajili wa makazi.

Ukilala hotelini, hoteli inakusajili yenyewe. Lakini watu wetu wengi wanafikia kwa ndugu anayesoma au mwenyeji aliyepanga chumba, na hapo usajili ni juu yako na mwenyeji. Mwende pamoja kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 baada ya kufika, na pasipoti yako, mkataba wa pango na kitambulisho cha mwenye nyumba au nakala yake. Utapewa karatasi ya usajili. Itunze kama pasipoti. Ukihamia kwa ndugu mwingine, usajili unaanza upya, maana karatasi ya anwani ya zamani haitakusaidia dirishani. Kutojisajili kunaweza kukuletea onyo au faini isiyozidi yuan 2,000, tena kunagundulika siku ile ile unayokwenda kuomba nyongeza. Ndugu atakayekwambia "hapa hakuna anayejali" hajawahi kusimama kwenye foleni hiyo.

Siku ya kuomba beba pasipoti, karatasi ya usajili, fomu iliyojazwa, picha, na ushahidi wa kwa nini unabaki. Picha ni milimita 33 kwa 48, nyuma nyeupe. Studio za huku mara nyingi zimezoea bluu ya pasipoti yetu, kwa hiyo sema mapema, au piga hukohuko China. Sababu isiwe "nimependa kukaa". Andika ratiba: tarehe, miji, mahali pa kulala, halafu ambatisha tiketi ya kurudi yenye tarehe mpya na taarifa ya akaunti ya benki. Taarifa hiyo ichukue kwenye tawi lako Tanga, yenye mhuri, kabla hujapanda basi Kange. Salio la simu usilitegemee.

Pasipoti nayo iwe na muda wa kutosha na ukurasa mtupu, kwa kuwa nyongeza huja kama stika. Ikiwa inakaribia kwisha, omba mpya ukiwa nyumbani. Ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10.

Pasipoti itabaki ofisini na wewe utapewa risiti. Risiti hiyo ndiyo ruhusa yako ya kukaa wakati ombi linashughulikiwa, kwa kawaida hadi siku 7. Kwa hiyo mambo yanayodai pasipoti yenyewe, kama laini ya simu au kubadili fedha, yamalize kabla, na safari ndefu ya treni isingoje wiki hiyo. Ada ya nyongeza moja ni yuan 160.

Jumla ya nyongeza haizidi siku ulizopewa mwanzo: aliyeingia na 30 hapati zaidi ya 30 nyingine, na afisa anaweza kumpa 10 tu. Kukimbilia Hong Kong kwa siku mbili si dawa kama viza yako ni ya kuingia mara moja; ukivuka umeshatoka, na viza imekwisha kazi. Kufanya kibarua ukiwa na L ndiko kubaya kuliko yote, faini yake ni kati ya yuan 5,000 na 20,000.

Ukinyimwa, ondoka kabla ya siku yako ya mwisho. Kupitiliza kunaanzia onyo, na kosa likiwa zito ni yuan 500 kwa kila siku mpaka 10,000, au mahabusu siku 5 hadi 15. Ndiyo maana tiketi ya kurudi inunuliwe inayokubali kubadilishwa tarehe, hata ikizidi bei kidogo.