SOMO: Tufe la kioo ndani ya uga wa umeme kwa FEMM

Swali la uga kuwa kiasi gani ndani ya tufe la kioo linarudi kila mara, kwa hiyo naliandika hapa likae. Tunatumia FEMM ya David Meeker, programu ya bure ya kukokotoa uga kwa kugawa eneo katika pembetatu ndogo (meshi). Tufe lina nusu kipenyo sm 1 na pamitiviti linganishi 4 (kipimo cha jinsi kihami kinavyopunguza uga; hewa ni 1). Nimechagua 4 makusudi: uga wa ndani ni 3/(4+2) ya uga wa nje, yaani nusu kamili. Jibu la kupimia kazi yako unalo kabla hujaanza.

1. Fungua tatizo la umemetuli, ulinganifu wa mhimili, sentimita.

2. Chora mstatili: r 0 hadi 5, z −5 hadi 5. Juu volti 50, chini −50. Mhimili na ukuta wa pembeni usiviwekee sharti.

3. Chora nusu duara kutoka z −1 hadi 1. Tulia hapa. Programu hulikata tao vipande vilivyonyooka. Kila kipande kikiwa nyuzi 10, ulichochora ni poligoni, na uga hupanda kwenye kona zake. Ukisaga meshi (kuifanya ndogo zaidi) bila kufupisha vipande, uga wa kwenye kona unazidi kupanda badala ya kutulia, na mtu anaandika kwenye ripoti kwamba kioo kitapasuka. Weka nyuzi 1 KWANZA, ndipo usage meshi.

4. Weka lebo ya kihami kila eneo (ndani kioo, nje hewa), hifadhi, endesha.

Katikati ya tufe utapata karibu volti 500 kwa mita. Nje kidogo ya ncha, karibu 2,000.

MASWALI

— Mkuu, napata 1,000 kila mahali.
— Ndani umeweka hewa. Hatua ya 4.

— Nitumie faili basi.
— Hatua ni nne. Chora.

— Kwa nini mstatili uishie 5, si 2?
— Swali zuri sana. Usumbufu wa tufe hupungua kwa mchemraba wa umbali. Kwenye mhimili, kwa sm 2 bado ni asilimia 12.5 ya uga; kwa sm 5 ni 0.8. Jaribu 10, na volti ziwe 100 na −100 ili uga wa nje ubaki 1,000, uone jibu linavyoisogelea 500.

— Na mawimbi ya redio?
— FEMM haitatui hayo. Tafuta programu yenye elementi za kingo za Nédélec (1980), zinazoweka uga kwenye kingo za meshi, na tabaka la kumeza mawimbi la Bérenger (1994), kisha linganisha na suluhisho la Mie la 1908 la wimbi linalogonga tufe. Ndani ya kioo hiki wimbi hufupika nusu, kwa hiyo meshi ya ndani iwe ndogo maradufu.

— Nyongeza: FEMM inasoma Lua (lugha ya kuandikia programu), unaweza kubadilisha nusu kipenyo kwa kitanzi.
— Kweli, na nyuzi za tao pia. Asante.