Betri ya Premio, Allion au Axio: soma namba kwanza ndo utoe hela

Wakuu, kabla ya kukimbilia dukani hakikisha betri ndo mbovu kweli, maana kuna watu wananunua betri mpya kumbe altaneta (ile inayochaji betri gari likiwaka) haichaji, baada ya siku chache wanasukuma tena gari. Chukua mita ya kupimia volti upime betri asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, ikisoma volti 12.6 imejaa, ikiwa 12 kushuka chini imeisha chaji. Halafu washa gari upime tena, inatakiwa icheze 13.8 mpaka 14.4 hivi, ikiganda palepale kwenye 12 basi usiisingizie betri, mtafute fundi umeme.

Haya, kama ni betri kweli, fungua boneti usome namba iliyoandikwa juu yake. Sedan nyingi hizi za Japani utakuta 46B24L, dukani wanaiita NS60L. Ile 46 ni daraja la nguvu, ikiwa kubwa zaidi ndo nguvu zaidi. B inaonyesha upana na kimo, B ina upana wa kama sentimita 13 wakati D ni kama 17. 24 ni urefu kwa sentimita. Na L ni upande wa taminali (vile vichwa vya kufungia waya), na hapa ndo watu wengi wanapigwa.

Iweke betri taminali ziwe upande wako: kama ni L, hasi iko kushoto na chanya kulia, R ni kinyume chake. Ukiuziwa R wakati gari yako ni ya L waya hazifiki, sasa fundi mwenye haraka ataivuta ile waya mpaka ifike au ataigeuza betri, mwisho chanya inakaa jirani na bodi ya gari, na akija kuchanganya waya ndo unaunguza fyuzi kubwa na daiodi za altaneta kwa sekunde moja tu.

Kuna na herufi S mwishoni, 46B24LS, hiyo taminali zake ni nene, ambayo haina S ni nyembamba. Ukiona fundi anakata kipande cha kopo anakiviringisha kwenye taminali ili klempu ibane, jua mlinunua isiyo yenyewe, na hiyo ikianza kulegea gari itakuwa inakata moto kama utani.

Ila namba ya betri ya zamani usiiamini asilimia mia, huenda aliyekuwa na gari kabla yako alitupia tu alichopata. Angalia trei inapokaa betri, ijae vizuri na kile chuma cha juu kiibane, isicheze. Wale wanaosema betri kubwa inaua altaneta si kweli, kama inaingia kwenye trei na haigusi boneti weka tu, shida ni mtu analazimisha D kwenye trei ya B.

Gari yako ikiwa ni zile zilizoundwa kujizima zenyewe kwenye foleni na kuwaka tena ukitaka kuondoka, usiweke betri ya kawaida, itakufa mapema mno, tafuta zilizoandikwa N-55 au Q-85 kulingana na saizi. Na wenye Prius, ile ya volti 12 iliyoko kwenye buti inatakiwa iwe na kimpira cha kutolea gesi nje, maana iko ndani mnakokaa watu.

Dukani uliza imetengenezwa lini, wapime mbele yako, chini ya 12.4 usichukue hata wakipunguza bei, imekaa sana stoo hiyo. Kadi ya waranti iandikwe tarehe na mhuri. Betri bovu usiliache bure, lina risasi ndani na lina hela, waambie wakate kwenye bei.

Kufunga ni spana namba 10 tu, kutoa anza na hasi, kurudisha hasi iwe ya mwisho. Kioo cha dereva kikigoma kupanda chenyewe baada ya hapo usiogope, kishushe chote, kipandishe ukiwa umeshikilia swichi sekunde chache, kinarudi.